Je, wajua? Mahudhurio ya asilimia 92 si watoto 92 kati ya 100

Taarifa ya wiki ya Afisa Elimu Kata huwa fupi, na ndivyo inavyotakiwa. Iwe imeandikwa kwa wazazi wa Pasua mjini Moshi au wa Ngarenaro mjini Arusha, ndani yake utakuta tarehe ya kikao, hali ya chakula cha mchana, choo kinachojengwa kimefikia wapi, halafu mstari mmoja wa namba: mahudhurio ya wiki, asilimia 92. Mstari huo husomwa haraka, watu hupongezana, na karibu kila mmoja anaondoka na tafsiri isiyo sahihi.

Tafsiri iliyozoeleka ni kwamba kati ya watoto 100, 92 wanakuja shule na 8 ni watoro. Wako pia wanaosoma kinyume: kwamba watoto wote wanakuja, ila kila mmoja hukosa kidogo, leo huyu ana homa, kesho yule kaenda msibani. Tafsiri zote mbili zinawezekana. Tatizo ni kwamba asilimia 92 haithibitishi hata moja, kwa sababu haihesabu watoto. Inahesabu siku.

Tuanzie rejista inapojazwa. Mwalimu wa darasa huita majina asubuhi na kuweka alama mbele ya kila jina, aliyepo na asiyepo. Mwisho wa wiki anajumlisha wavulana na wasichana, kisha anafanya hesabu ndogo. Anachukua idadi ya walioandikishwa na kuizidisha kwa siku ambazo shule ilifunguliwa. Hayo ndiyo mahudhurio yaliyotakiwa. Anahesabu alama za waliokuwepo. Hayo ndiyo mahudhurio halisi. Anagawanya halisi kwa yaliyotakiwa na kuzidisha kwa 100. Mwalimu mkuu anakusanya ya madarasa yote, Afisa Elimu Kata anakusanya ya shule zote za kata, na kutoka hapo namba inapanda hadi kwa afisa elimu wa halmashauri. Njia yote hiyo majina hayasafiri. Yanabaki kwenye rejista, ndani ya kabati la ofisi ya mwalimu.

Chukua darasa la watoto 50 kwa wiki ya siku tano. Mahudhurio yaliyotakiwa ni 250. Yakipatikana 230, hiyo ni asilimia 92 kamili, na pengo ni mahudhurio 20. Pengo hilo linaweza kutokea kwa njia nyingi. Watoto wanne hawakuonekana wiki nzima: nne mara tano, 20. Au watoto kumi walikosa siku mbili kila mmoja: 20. Au watoto 20 walikosa siku moja tu, tena siku hiyohiyo, tuseme Jumatano, kwa kuwa shule iko karibu na Tengeru na Jumatano ni siku ya soko: 20 vilevile. Taarifa ya wiki itaandika 92 mara zote tatu.

Matatizo hayo, hata hivyo, hayafanani kabisa. Wanne wasioonekana wiki nzima wanahitaji mtu wa kubisha hodi nyumbani kwao, na huenda na mtendaji wa kata. Kumi wa siku mbilimbili wanaashiria kitu kinachojirudia: maradhi, njaa, mdogo wa kulea, sare moja inayofuliwa. Ishirini wa Jumatano hawahitaji mtendaji. Wanahitaji kikao na wazazi kuhusu kuwabebesha watoto mizigo ya ndizi kwenda sokoni. Ukipeleka dawa ya kundi moja kwa kundi jingine utakuwa umefanya kazi kubwa bila faida, na wiki ijayo namba itabaki palepale.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho afikirie kikundi cha VICOBA chenye wanachama 25. Mweka hazina anasimama na kusema: wiki hii tumekusanya asilimia 92 ya hisa. Hakuna kikundi kitakachopiga makofi na kufunga kikao. Swali la kwanza litakuwa, nani hajatoa? Kwa sababu kila aliyeketi pale anajua kwamba asilimia 8 iliyopungua inaweza kuwa wanachama wawili waliotoweka na mkopo wa watu, au wanachama wanane waliotoa pungufu kidogo kwa kuwa ni katikati ya mwezi. Kwa hao wawili unatafuta wadhamini, kwa hao wanane unasubiri mwisho wa mwezi. Daftari la kikundi lina safu ya kila mwanachama, na mweka hazina hawezi kuikwepa. Rejista ya darasa nayo ina safu ya kila mtoto. Tofauti ni kwamba kikundi kinasoma safu, na taarifa ya wiki inasoma jumla ya chini ya ukurasa.

Kwa wiki moja upotoshaji ni mdogo. Kwa mwaka unakuwa wa ajabu kweli. Kalenda ya shule Tanzania ina siku 194 za masomo. Shule ya watoto 100 ina mahudhurio 19,400 yanayotakiwa kwa mwaka. Ikipata asilimia 92, imepoteza mahudhurio 1,552. Sasa weka mstari: mtoto aliyekosa angalau siku 20 katika mwaka, yaani zaidi kidogo ya asilimia 10 ya siku zote, tumhesabu kuwa ana utoro wa kutia wasiwasi. Je, shule yenye asilimia 92 ina watoto wangapi wa namna hiyo?

Inaweza kuwa haina hata mmoja. Ukigawa 1,552 sawasawa kwa watoto 100, kila mmoja amekosa siku 15 au 16, na wote wako chini ya mstari. Lakini pia inaweza kuwa nao 77. Ukigawa 1,552 kwa 20, unapata 77 na baki kidogo. Shule mbili jirani, zenye asilimia ileile hadi nukta, moja ina sifuri na nyingine ina zaidi ya robo tatu ya watoto. Shule za kweli hukaa mahali fulani katikati ya ncha hizo mbili, lakini wapi, asilimia 92 haikuambii hata ukiikodolea macho.

Mstari wa asilimia 10 hautoki mbinguni. Umeenea zaidi Marekani, ambako majimbo mengi yana siku kama 180 za masomo, hivyo siku 18 zinatosha kuuvuka. Hedy Chang ni mmoja wa waliousukuma uingie kwenye mjadala wa shule za huko, hasa tangu 2008, kwa hoja hiihii kwamba wastani mzuri wa shule huficha watoto wanaopotea kimyakimya. Tafiti za huko huonyesha kwamba watoto waliovuka mstari husoma kwa shida zaidi baadaye. Ila tahadhari: mtoto anayekosa sana mara nyingi ndiye pia anayeumwa sana au anayetoka kwenye kaya yenye dhiki, na si rahisi kutenganisha kipi kimefanya nini. Wala hakuna muujiza unaotokea siku ya 20 ambao haukuwepo siku ya 19. Faida ya mstari ni kwamba unahesabu watu.

Na mtoto hahitaji kuwa mtoro wa kupindukia ili auvuke. Siku moja kila baada ya wiki mbili, na moja ya ziada katika mwaka mzima, inatosha. Huyu ndiye walimu humwita mtoro wa rejareja, na ndiye mgumu kumwona kuliko wote, maana ukimwangalia wiki hii yupo, na wiki ijayo kakosa Ijumaa tu.

Hadi hapa tumeongelea namba ya juu ya mgawanyo, yaani mahudhurio halisi. Ya chini, yaani yaliyotakiwa, nayo ina vituko vyake, na hapa ndipo taarifa nyingi huharibika bila mtu yeyote kusema uongo.

Rudi kwenye lile darasa la 50 lenye watoto wanne wasioonekana kabisa. Mwalimu akiwafuta kwenye orodha, wanabaki 46, mahudhurio yaliyotakiwa yanakuwa 230, na yaliyopatikana ni yaleyale 230. Asilimia 100. Darasa limepanda kwa pointi nane ndani ya wiki moja bila mtoto hata mmoja kurudi shuleni. Afisa akisoma haraka atampongeza mwalimu.

Kuna kinachovuta upande wa pili. Fedha za kapitesheni, ambazo sehemu yake tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule, hukokotolewa kwa idadi ya wanafunzi: Sh 10,000 kwa mwaka kwa wa msingi na Sh 25,000 kwa wa sekondari. Kwa hiyo jina likibaki kwenye orodha shule haipotezi fedha. Jina likifutwa asilimia ya mahudhurio inapendeza. Orodha moja, vishawishi viwili vinavyovutana. Jimbo la California limejifunga kwa kamba nyingine: huko sehemu kubwa ya fedha za shule hufuata wastani wa mahudhurio ya kila siku, hivyo afisa wa elimu wa eneo anapowaandikia wazazi kuhusu utoro, anaandika pia kuhusu bajeti yake.

Uhamisho huleta jambo jingine. Familia ikihama kutoka Moshi kwenda Arusha bila kukamilisha taratibu, mtoto anaweza kuwa anakaa darasani Arusha kila siku huku jina lake likiendelea kuhesabiwa hayupo Moshi. Kwa rejista ya Moshi ni mtoro wa kudumu. Kwa hali halisi hajakosa hata somo moja. Kabla ya kumtuma mtu kubisha hodi, hakiki kwanza kama uhamisho umepitishwa kwenye mfumo wa namba za PREM, ambazo kila mwanafunzi wa msingi hubeba kutoka shule hadi shule.

Septemba ni mwezi wa kuangalia kwa makini. Darasa la saba wakimaliza mtihani wao wa taifa huondoka. Shule ya watoto 700 yenye wahitimu 90 inabaki na 610. Ikiwa hao waliobaki wanahudhuria kwa asilimia 92, kila siku wapo kama 561. Ukisahau kuwaondoa wahitimu na kugawanya kwa 700, unapata asilimia 80, na kikao cha Oktoba kinatumia saa nzima kulaumu wazazi kwa anguko ambalo halikutokea.

Wiki zenye sikukuu hufanya vivyo hivyo. Darasa la 50 likifunguliwa siku nne, yanatakiwa mahudhurio 200. Yakipatikana 184 ni asilimia 92. Fomu iliyoandikwa siku tano kwa mazoea itagawanya kwa 250 na kutoa 73.6. Ukiona kata imeshuka ghafla, angalia kalenda kabla ya kuangalia wazazi.

Na kuna kosa la wastani wa wastani, ambalo hata watu waliosoma hesabu hulifanya. Darasa la kwanza lina watoto 120 na mahudhurio ya asilimia 85. Darasa la saba lina 60 na asilimia 98. Ukijumlisha asilimia hizo na kugawanya kwa mbili unapata 91.5. Ukihesabu watoto wenyewe, waliopo ni 102 na takribani 59 kati ya 180, yaani asilimia 89 na ushei. Madarasa ya chini mara nyingi ndiyo makubwa na ndiyo yanayoyumba zaidi, kwa hiyo kosa hili lina tabia ya kupendezesha. Njia sahihi ni kubeba hesabu ghafi, halisi na yaliyotakiwa, kutoka darasani hadi kata, na kugawanya mara moja tu mwishoni.

Mzazi au mjumbe wa kamati ya shule anayetaka taarifa yenye manufaa hahitaji kuomba jedwali refu. Aulize mambo matatu: orodha iliyotumika ni ya tarehe gani na shule ilifunguliwa siku ngapi; ni watoto wangapi wamekosa siku mbili au zaidi wiki hii; na tangu Januari, ni wangapi wamekosa zaidi ya moja ya kumi ya siku zilizopita. Swali la tatu ndilo la thamani zaidi na ndilo lenye kazi, kwa kuwa lazima mwalimu afungue kurasa za nyuma na kusoma kila safu. Kwa darasa la 50 ni kazi ya kama nusu saa, mara moja kwa mwezi. Idadi itangazwe, majina yabaki kwa mwalimu na mzazi husika. Kumwanika mtoto mbele ya kata nzima ni njia ya haraka ya kumfanya asirudi kabisa.

Afisa naye ana kipimo chake cha bei nafuu: afike siku isiyotarajiwa, ahesabu vichwa darasani saa nne, kisha alinganishe na rejista ya siku hiyo. Tofauti ya mtoto mmoja au wawili ni ya kawaida, kuna wachelewaji, hasa masika, kwa wanaoteremka mlimani kwa miguu. Tofauti ya kumi ni habari nyingine. Mara nyingi maana yake ni kwamba rejista hujazwa Ijumaa kwa wiki nzima, na kumbukumbu ya Ijumaa ina huruma: humweka darasani hata aliyekuwa sokoni Jumatano.

Shule ikiacha tabia hiyo na kuanza kujaza kila asubuhi, asilimia yake hushuka wiki ileile. Afisa anapaswa kuliandika hilo kwenye taarifa kabla ya namba mpya kutoka: kwamba zitashuka, na kwamba kilichobadilika ni uhesabuji. Asipoandika, Jumatatu diwani atamuuliza mwalimu mkuu kwa nini shule yake imeporomoka, na kufikia Ijumaa inayofuata rejista itakuwa imepona.