Kiungo cha ubao wa ukingo wa asili na kaunta ya jiwe

Ubao wa ukingo wa asili ni kipande kipana kilichopasuliwa kwenye gogo bila kunyooshwa pembeni, hivyo umbo la mti pale gome lilipokuwa hubaki likionekana. Kuuunganisha na kaunta ya graniti au marumaru ni kuvipanga viwili hivyo vikutane usawa mmoja, bila kuvigandisha. Wengi hukosea hapo: humimina epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) kwenye mwanya na kudhani kazi imekwisha.

Unyevu wa hewa hauligusi jiwe. Mbao hutanuka na kusinyaa, karibu yote kwa upana, yaani kukatisha nyuzi. Kwa urefu ni kidogo mno. Ubao wa sentimita 60 wa miti mingi migumu husogea takriban milimita 6 unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4. Epoksi ikikauka haifuati mwendo huo: ama itabanduka kwenye jiwe, ama ubao utapasuka kando ya nyuzi.

Kwa hiyo huachwa mwanya wa milimita 2 hadi 3, ukajazwa silikoni, gundi inayobaki laini na kunyumbuka kama mpira. Chagua isiyotoa harufu ya siki, kwa sababu asidi ya ile inayoitoa hula marumaru. Chini ya mwanya tandika tepu ya plastiki ili silikoni ishike kuta mbili tu. Ikishika na chini, huchanika mapema.

Hata hivyo mwanya huo hauwezi kumeza milimita 6. Nyuzi zikienda sambamba na kiungo, kaza skrubu kutokea chini, karibu na jiwe, na zile za mbali zipite kwenye matundu marefu yenye washa (kipete bapa cha chuma chini ya kichwa cha skrubu). Ubao utasukuma upande ulio huru. Nyuzi zikielekea kwenye jiwe, kaza katikati ya upana tu. Kingo za nje ndizo zitakazopishana kidogo na jiwe, na hilo halina dawa.

Nani amfuate mwenzake? Jiwe likikatwa kufuata mkunjo wa ubao hupendeza sana, ila gharama hupanda, na kiolezo cha plaiwudi kichukuliwe ubao ukiwa umekauka (unyevu wa asilimia 8 hadi 12) na umeshapigwa msasa wa mwisho. Kwa jikoni nyingi ni busara kunyoosha upande unaogusa jiwe na kuuacha ukingo wa asili upande wa nje. Ukiubakiza kwenye kiungo, kumbuka umeinama: ule mteremko ukitazama juu hutengeneza mfereji wa makombo. Geuza uso mpana juu.

Vanishi ipakwe pande zote kabla ya kufunga, hata chini na ndani ya kiungo. Upande mmoja ukiachwa mtupu, ubao hujikunja na usawa na jiwe hupotea. Nta usiiguse hapo: silikoni haishiki juu yake.