Maji hayaui rivolva ya baruti nyeusi

Wengi wanaoanza kupiga rivolva za baruti nyeusi, zile kopi za Colt ya 1851 zinazotoka Italia, wanaogopa maji kama paka, eti chuma kitashika kutu, so wanapaka oili juu ya masizi wanaifungia kabatini. Hapo ndo unaiua! Baruti hiyo kama 75% ni shura (aina ya chumvi), ikiungua inaacha masizi yenye chumvi yanayovuta unyevu hewani, na chumvi oili haiiyeyushi, maji ndo yanaiyeyusha. Hakikisha kwanza vyumba vyote sita vya silinda, vile vya kuwekea baruti na risasi, ni vitupu (vyote jamani), gonga kabari (kipande cha chuma kinachoshikilia mtutu) itoke, vuta mtutu na silinda, vua mpini wa mbao, sugua kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mpaka maji yaache kuwa meusi. Chuma kikipata joto kinakauka haraka chenyewe, ukifuta na kitambaa ndo sasa uje na oili.