Dola 100 ni naira ngapi, na zinajaza kapu gani?

Hivi karibuni kijana mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, alitupigia simu ofisini. Anahariri video, na watengeneza filamu wa Lagos walikuwa wamemwahidi naira 300,000 kwa mwezi, ahamie huko. Alikuwa ameshapiga hesabu kwenye simu: kama dola 200 hivi, yaani shilingi laki tano. Akauliza, "Sasa mtaalamu, hiyo ni hela au si hela?"

Naira ngapi kwa dola, simu inakujibu kabla hujameza mate. Alichouliza yeye ni kitu kingine, na simu haina jibu lake.

Katika makala haya nitatumia naira 1,500 na shilingi 2,500 kwa dola 1. Ni namba za mviringo, zilizo jirani na hali ya miaka ya 2024 na 2025, kwa ajili ya kukokotoa tu. Kiwango cha siku yako kiangalie siku yenyewe. Kwa namba hizi naira 1 ni shilingi 1.67 hivi, na kuna watu wakisikia hivyo husema basi naira ina nguvu kuliko shilingi yetu. Hapana. Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikinunua zaidi ya yen moja ya Japani, wala hakuna anayesema Nairobi imeipita Tokyo kwa utajiri. Ukubwa wa namba ni historia ya noti. Kinachopimwa ni namba hiyo imekwenda wapi kwa muda, na sokoni inapata nini.

Naira imekwenda mbali. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1973, ikachukua nafasi ya pauni ya Nigeria kwa naira 2 kwa pauni 1. Mwaka 1980 dola nzima ilipatikana kwa kobo 55 hivi, na kobo 100 ndizo naira 1. Kisha bei ya mafuta ghafi ikaanguka, nchi iliyokuwa ikipata karibu fedha zake zote za kigeni kwenye mafuta ikaishiwa dola, na mwaka 1986 serikali ya kijeshi ya Babangida ikaiachia naira ishuke. Katikati ya miaka ya 1990, chini ya Abacha, mtawala mwingine wa kijeshi, dola ilikuwa naira 22 kwenye vitabu vya serikali na karibu naira 80 sokoni. Tabia ya bei mbili ikakomaa hapo, na ndiyo inayowachanganya wageni wengi hadi leo.

Tazama ilivyokuwa mwanzoni mwa Juni 2023. Kiwango rasmi kilikuwa naira 460 na kitu kwa dola, mtaani zaidi ya 700. Aliyetumiwa dola 100 na nduguye wa Houston, akalipwa kwa kiwango rasmi, alipata naira 46,000. Jirani yake aliyeletewa noti mkononi alipata zaidi ya 70,000. Na mwenye njia ya kuuziwa dola kwa bei rasmi hakuhitaji biashara nyingine yoyote: anunue dirishani, avuke barabara, auze. Miaka miwili nyuma, Machi 2021, Benki Kuu ya Nigeria ilijaribu kuwavuta watumaji kwa kuwaongezea wapokeaji naira 5 kwa kila dola iliyopitia kampuni zenye leseni. Naira 5, wakati pengo la mtaani lilikuwa zaidi ya 50! Tarehe 14 Juni 2023 madirisha rasmi ya kubadilishia fedha, yaliyokuwa na bei tofauti, yaliunganishwa na bei ikaachwa ijitafute. Kufikia Februari 2024 dola ilikuwa imevuka naira 1,500. Pengo kati ya benki na mtaani limepungua sana tangu hapo, na hilo ni jambo jema kwa yeyote anayetuma pesa huko.

Sasa twende kwenye mchele, kwa sababu mchele haudanganyi.

Mwaka 2015 kiwango rasmi kilikuwa karibu naira 197, kwa hiyo dola 100 zilikupa kama naira 19,700. Gunia la mchele la kilo 50 lilikuwa kati ya naira 8,000 na 10,000. Magunia mawili. Mwanzoni mwa 2024, dola 100 zikikupa naira 150,000, gunia hilohilo lilikuwa limefika naira 75,000 hivi. Magunia mawili tena. Mwenye dola alishika mzigo wa noti mara saba na zaidi, akarudi nyumbani na mchele uleule.

Mlipwa kwa naira je? Kima cha chini cha mshahara mwaka 2015 kilikuwa naira 18,000 kwa mwezi, yaani karibu magunia mawili. Mwanzoni mwa 2024 kilikuwa naira 30,000, kiwango kilichowekwa mwaka 2019: si hata nusu gunia. Julai 2024 kikapandishwa kuwa 70,000, na bado kilikuwa hakijafikisha gunia moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "dola imepanda, Nigeria sasa ni rahisi," muulize rahisi kwa nani. Mwaka 2015 mlinzi wa getini na mgeni mwenye noti ya dola 100 walikuwa karibu sawa mbele ya muuza mchele. Miaka tisa baadaye mgeni yuko palepale, na mlinzi anapimiwa kwa kopo.

Na kopo hilo lina jina. Lagos wanapima kwa derica, kopo la nyanya ya kusaga lililobaki na jina la kampuni iliyoliuza zamani. Abuja na kaskazini wanatumia mudu, bakuli linalojazwa hadi kichuguu. Ni kama kisado chetu, au gorogoro la Kenya. Takwimu za mfumuko wa bei hutoka kila mwezi (za chakula zilifika asilimia 40.87 kwa mwaka Juni 2024), ila mama wa sokoni ana njia zake. Kabla ya kupandisha bei anaanza kwa kusawazisha kichuguu kwa kiganja, halafu chini ya bakuli panaonekana pamebonyea kidogo. Sisi huku tunapambana na lumbesa, mnunuzi anayetaka kujaza kupita kiasi. Kule shughuli imegeuka. Ndiyo maana nikimsikia mtu anasema bei ya kitu fulani Lagos haijapanda, swali langu la kwanza ni kipimo.

Si kila kitu kilipanda kwa mwendo mmoja. Kunyoa nywele, kushona gauni, nauli ya danfo (daladala za Lagos), viazi vikuu vilivyolimwa jimbo la Benue: hivi bei yake hufuata mifuko ya wenyeji, hivyo dola inapopanda ghafla, kwa muda mwenye dola anavipata kwa bei ya chee. Simu, dawa, vipuri na ngano hufuata dola siku hiyohiyo. Petroli ina kisa chake. Ruzuku iliondolewa Mei 2023, na lita iliyokuwa chini ya naira 200 ilikuwa karibu naira 1,000 kufikia Oktoba 2024. Katika nchi ambayo duka, saluni na ofisi vinaendeshwa kwa jenereta, petroli inaingia hadi kwenye bei ya kunyoa.

Tofauti hii ndiyo inayowafanya wachumi watumie kipimo cha uwiano wa uwezo wa kununua, yaani kulinganisha fedha kwa vitu zinavyonunua kwao, badala ya kiwango cha soko peke yake. Mwaka 2022 Nigeria ilihesabiwa kuwa uchumi mkubwa kuliko wote Afrika kwa dola. Mwaka 2024 makadirio ya Shirika la Fedha la Kimataifa yaliiweka ya nne, nyuma ya Afrika Kusini, Misri na Algeria. Mashamba hayakuungua na viwanda havikuhamishwa usiku. Kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni naira ngapi zinagawanywa kupata dola moja.

Kwa anayekwenda na fedha mkononi, naira huipati kirahisi kwenye maduka ya kubadilishia fedha Kariakoo. Utapita kwenye dola, na kila mlango una ada yake. Chukua shilingi milioni moja. Kwa viwango vyetu vya kati ni dola 400, na dola 400 ni naira 600,000. Lakini duka la Dar halikuuzii dola kwa 2,500; tuseme linauza kwa 2,530. Lagos nako hawanunui kwa 1,500, tuseme 1,480. Unaishia na naira 585,000 hivi. Elfu kumi na tano zimebaki njiani bila mtu kukuibia.

Noti zenyewe nazo zina madaraja. Nilipokuwa Lagos kikazi, wabadilishaji wa mtaani, ambao huitwa aboki, "rafiki" kwa Kihausa, walikuwa wakiita kutoka kila kona. Mmoja alizipokea noti zangu za dola 10 mlangoni mwa hoteli, akazigeuza kwenye mwanga, akanirudishia kwa heshima zote kama mtu anayerudisha samaki aliyelala. Noti ya dola 100, mpya na isiyokunjwa, ndiyo inayopata bei nzuri. Ndogondogo na zile za zamani zenye picha ndogo hukatwa bei. Siwapendekezi aboki, kwa sababu biashara yao haina leseni na ukipewa noti bandia huna pa kulalamika. Nenda benki au duka lenye leseni, na huko pia beba noti kubwa na safi.

Nikamrudia kijana wa Sinza. Naira 300,000 kwa bei za mwanzoni mwa 2024 ni magunia manne ya mchele, nikamwambia, na ni zaidi ya mara nne ya kima cha chini cha Julai 2024. Kwa mtu anayeishi kwao na kula sufuria moja na nduguze, hiyo ni hela. Kwa mgeni, kuna kodi ya nyumba. Wenye nyumba wengi wa Lagos hudai mwaka mzima mkononi, na ada ya dalali juu yake, wakati huku tumezoea miezi mitatu au sita.

Halafu nikamuuliza yeye: mkataba umeandikwa kwa fedha gani, na mshahara utapitiwa upya lini? Akanyamaza, nikasikia karatasi zikifunuliwa. Kima cha chini cha Nigeria kilikuwa kikipitiwa kila baada ya miaka 5; sheria ya 2024 ikakata hadi 3. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili, kwa naira, na kuhusu nyongeza haukuwa na hata mstari mmoja.