Je, wajua kwa nini mvinyo wa shamba moja haufanani mwaka hadi mwaka?

Mpwa wangu anahudumu katika hoteli moja Shangani, Mtwara mjini. Juzi alinipigia simu usiku, baada ya kazi. Mgeni alikuja na chupa zake mbili za mvinyo mwekundu, zote za shamba moja la Bordeaux, Ufaransa. Lebo ni ile ile, ila moja imeandikwa 2010 na nyingine 2013. Ile ya 2010 aliimimina kwenye jagi la kioo akaiacha wazi, ya 2013 akaianza palepale. Akasema ya 2010 ilimgharimu zaidi ya mara mbili ya mwenzake. "Mjomba," mpwa wangu akaniuliza, "udongo mmoja, mizabibu ile ile. Bei zinaachanaje hivyo?"

Nikamwuliza: korosho zetu za Newala, kila msimu huwa sawa?

Huo ndio mlango wa kuingilia. Namba iliyo kwenye lebo ni mwaka zabibu zilipovunwa, si mwaka mvinyo ulipotiwa chupani. Mwenye kiwanda cha soda hujitahidi kila chupa ifanane na ya jana. Mvinyo wa shamba hutoka kwenye tunda la msimu mmoja, kwa hiyo jua na mvua vilivyolipata tunda huingia nalo kwenye pipa.

Mizabibu ya Bordeaux huchanua mwezi wa Juni, wakati mikorosho yetu nayo inaanza kutoa maua. Huku, asubuhi zikiwa na baridi na ukungu, ubwiriunga, ule ugonjwa wa kuvu kama unga mweupe, huingia na tunakimbilia salfa. Kule, mvua na baridi zikikuta maua, mengi hupukutika bila kufunga tunda. Ndivyo ilivyokuwa 2013, na zabibu aina ya Merlot ndizo zilizoumia zaidi. Na salfa wanaijua vizuri: miaka ya 1850 ubwiriunga wa mizabibu uliangusha vibaya mavuno ya Ufaransa, na kilichowaokoa ni unga huo huo wa manjano unaopulizwa Masasi na Tandahimba. Kuvu wao si huyu wetu, lakini ni ukoo mmoja.

Tunda likishafunga, mambo matatu hukimbizana ndani yake. Jua huongeza sukari, na sukari ndiyo inayogeuka kilevi: karibu gramu 17 katika kila lita ya juisi huzaa asilimia moja. Joto hilo hilo hupunguza uchachu. La tatu ni ukakasi, na hapa mtu wa Kusini hahitaji kufundishwa. Ukiuma bibo la mkorosho, ulimi unakauka na mashavu yanavutana. Mvinyo mwekundu nao una hali hiyo, kwa sababu juisi huchachushwa pamoja na maganda na mbegu. Rangi nyekundu pia hutoka kwenye maganda, maana juisi ya zabibu nyingi nyekundu ikikamuliwa peke yake haina rangi ya maana.

Mwaka mzuri ni ule ambao vitatu hivyo hufika pamoja. Mwaka 2010 ulikuwa mkavu bila joto la kupita kiasi, usiku ukiwa na ubaridi, zabibu zikabaki na uchachu wake na ukakasi mwingi. Mwaka 2003 joto kali liliikumba Ulaya; mvinyo mwingi ulitoka mzito, wenye uchachu mdogo. Mwaka 2013 mvua na uozo viliwahimiza watu kuvuna kabla zabibu hazijaiva sawasawa. Mwenye korosho zilizolowa chini ya mti, zikashuka daraja mnadani, anaelewa uchungu wao.

Ajabu ni kwamba hasara nayo huweza kuzaa utamu. Mwaka 1961 jalidi, ile baridi inayogandisha umande, iliua sehemu kubwa ya mavuno ya Bordeaux. Zabibu chache zilizobaki zilinufaika na nguvu yote ya mzabibu, na mvinyo wa mwaka huo hadi leo unatajwa kwa heshima.

Kwa nini basi waonjaji walinganishe chupa za shamba moja za miaka tofauti? Ukilinganisha mashamba mawili hutajua tofauti imeletwa na udongo, na mkono wa mtu au na mvua. Shamba likiwa moja, mengi yanatulia, mwaka unasikika. Hata hivyo si yote yanayotulia. Wenye shamba hubadili mchanganyiko wa zabibu kila msimu: Merlot ikiharibika, aina nyingine, Cabernet Sauvignon, inaongezwa.

Kuna jambo ambalo waonjaji wengi hulichanganya, nami naliona ndilo kubwa: mwaka na umri. Mvinyo ukikaa chupani, ukakasi hulainika, mashapo hutuama chini, na zambarau ya ujana huelekea rangi ya tofali. Ukiweka 1982 kando ya 2003, unaonja hali ya hewa mbili pamoja na miaka 21 ya kukaa. Mimi ningechukua iliyopakana, 2003 na 2004, joto kali likifuatwa na msimu wa kawaida. Glasi ziwe za umbo moja juu ya kitambaa cheupe, ziinamishwe kidogo, rangi itazamwe ukingoni kabla ya kunusa.

Dodoma hesabu ni nyingine. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima akipogoa, safari inaanza upya, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo kwenye simu. "Kwa hiyo lile jagi," akasema, "alikuwa anaupa hewa ili ukakasi usisikike sana." Nikamjibu: ndiyo, mjomba. Ule wa 2013 haukuwa na ukakasi wa kusubiriwa.