Kubana matumizi hadi lini? Pesa ya uzeeni na raha zake

Semina za wastaafu watarajiwa zina kawaida moja: kutisha. Mtoa mada anasimama na kusimulia habari za aliyenunua daladala mbili kwa kiinua mgongo zikaishia gereji, za aliyeoa mke wa pili wiki mkupuo, yaani malipo ya mara moja ya kustaafu, ulipoingia, za aliyejenga nyumba ya kulala wageni mahali ambapo mgeni hapiti. Watu wanacheka, wanaandika, wanatoka ukumbini wameshika mifuko kwa mikono miwili. Habari hizo ni za kweli na zinafaa kusimuliwa. Lakini sisi tunaotoa elimu kwa wanachama wa mifuko ya pensheni tunakutana sana na mtu mwingine ambaye kwenye semina hana nafasi. Amefika miaka sabini na kitu, pensheni inaingia kila mwezi, akaunti inanenepa, na yeye anakula mlo mmoja kwa siku. Meno mawili yamemtoka hajaenda kwa daktari. Miwani imefungwa uzi. Hadaiwi na mtu. Anaogopa tu.

Makala haya ni ya huyo wa pili.

Majirani humwita mkono wa birika, na mimi naona wanamwonea. Hofu yake ina historia. Hata anayestaafu kwa lazima leo, akiwa na miaka 60, alizaliwa katikati ya miaka ya 1960. Alikuwa mwanafunzi Mwalimu Nyerere alipowataka Watanzania, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda haukulegea. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, khanga ya foleni. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai, na ugali ulikuwa wa unga wa njano ambao watu waliubatiza unga wa Yanga. Kisha, baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, shilingi ikashushwa thamani tena na tena, na aliyekuwa na vijisenti benki akaviona vikiyeyuka. Kilichosalimika ni bati, saruji, kiwanja na ng'ombe.

Mtu aliyelelewa hivyo akijifunza kwamba usalama ni kutotumia, amejifunza sawasawa. Kwa kubana vile ndivyo alivyosomesha watoto wanne kwa mshahara wa mwalimu. Tatizo ni kwamba tabia hiyo haina kengele ya kumwambia kazi imekwisha. Watoto wamemaliza chuo, nyumba ina paa na madirisha, na bado anazima taa sebuleni huku wageni wameketi.

Wapo wanaokosea upande wa pili kwa hesabu ya umri. Mtu anasikia redioni kwamba wastani wa kuishi nchini ni miaka sitini na kitu, naye ana 60, basi anasema: ponda mali, kufa kwaja. Wastani ule ni wa mtoto anayezaliwa leo, na ndani yake wamehesabiwa wanaofariki wachanga na wanaokufa vijana kwa ajali na uzazi. Wewe uliyefika 60 umeshavuka vizingiti hivyo. Si ajabu ukaishi miaka 20 zaidi, na mipango yako iwe ya miaka 25. Hapo ndipo ugumu ulipo: pesa inatakiwa ifike mbali, na mwili hautafika nayo ukiwa na nguvu zilezile.

Kabla ya kujiuliza utumie kiasi gani, jiulize pesa yako inatokea wapi. Jibu la swali hili hugawa wazee makundi mawili, na ushauri unaowafaa hawa unaweza kuwaangamiza wale.

Kundi la kwanza ni wenye pensheni ya kila mwezi. Kwa Tanzania Bara hawa ni watumishi wa umma walio chini ya PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi hao uliozaliwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne, na wafanyakazi wa sekta binafsi walio NSSF, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Mjadala wa kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, umetumia pumzi nyingi, karibu zote zikienda kwenye mkupuo: kwamba Julai 2022 uliwekwa asilimia 33 ya mafao, kwamba bajeti ya 2024/25 iliongeza hadi asilimia 40 kwa waliotoka mifuko iliyokuwa ikilipa nusu. Malalamiko yale nayaelewa. Ila nitasema jambo ambalo huniletea maneno kila nikilisema: kinachomruhusu mzee kustarehe ni ile sehemu ya kila mwezi. Pensheni ni kisima, mkupuo ni mtungi. Mwenye kisima anaweza kumimina mtungi kidogo bila kukosa usingizi, maana mwezi ujao pesa itaingia, na itaingia hadi mwisho wa uhai wake.

Tuchukue mfano. Mstaafu ana pensheni ya shilingi 450,000 kwa mwezi na alipokea mkupuo wa milioni 44. Anaishi kwake, na matumizi ya kawaida ya yeye na mwenza wake ni 350,000. Kwanza atenge milioni 4, matumizi ya takriban mwaka mzima, mahali ambapo anaweza kuzitoa haraka, kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kisha milioni 25 aziweke zizalishe, nazo zina kazi maalumu: kuja kuongezea pensheni nguvu miaka ya mbele. Bei zikipanda asilimia 4 kwa mwaka, zinakuwa maradufu katika miaka 18 hivi, na pensheni isipopandishwa, 450,000 yake itanunua kile ambacho 225,000 inanunua leo. Hapa ndipo anayeficha noti kwenye godoro anapojidanganya. Hajala pesa yake, lakini inaliwa.

Zimebaki milioni 15. Hizi ndizo zenye ubishi. Mzee wetu wa miwani ya uzi ataziunganisha na zile 25 "kwa usalama". Mimi nasema azigawe kwa miaka 10 ya kwanza ya kustaafu, milioni 1.5 kila mwaka, na azitumie kwa raha bila kuomba radhi. Akifika 70 zimekwisha, na hajagusa kisima, hajagusa akiba ya ugonjwa, na zile 25 ziko kazini. Ukipenda badili tarakimu ziendane na zako. Cha kuangalia ni kwamba fungu la raha lina tarehe ya kuisha, na limewekwa mwanzoni.

Kwa nini mwanzoni? Kwa sababu raha nyingi zinahitaji magoti. Muislamu anayeahirisha hija mpaka "mambo yatulie" akumbuke kwamba kule anakwenda kutufu Kaaba mara saba na kwenda mara saba kati ya Safa na Marwa, zaidi ya kilomita 3 kwa huo mwendo wa pili peke yake, katikati ya umati na joto. Kila mwaka wapo wanaosukumwa kwenye viti vya magurudumu huku pesa ya nauli walikuwa nayo tangu wana miaka 58. Ni hivyohivyo kwa kumtembelea binti aliyeolewa Bukoba, kushuka kreta ya Ngorongoro ambayo umeifundisha darasani bila kuiona, au kupanda treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa kuangalia tu dirishani. Ukiwa na miaka 63 ni safari. Ukiwa na 81 ni mradi wa familia nzima.

Hapo kwenye mwili pana ubanaji mwingine ambao sina uvumilivu nao. Kutobadilisha miwani si akiba. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, lakini mzee asiyeona vizuri hujikwaa, akavunja nyonga, na gharama ya nyonga haina mwisho. Chakula nacho: wengi hupunguza nyama, samaki na mayai wakidhani mzee hahitaji. Wataalamu wa lishe hushauri mtu mzima wa umri mkubwa apate walau gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa sababu misuli hupungua haraka zaidi uzeeni. Mwenye kilo 65 anahitaji kati ya gramu 65 na 78, na yai moja lina kama 6. Chai ya rangi na mkate mkavu havikufikishi huko. (Mwenye ugonjwa wa figo amsikilize daktari wake, asinisikilize mimi.) Na kama ulichangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya kazini, usiache kadi kabatini, fuatilia masharti ya wastaafu ujue wewe na mwenza wako mna haki gani.

Kundi la pili halina kisima. Mkulima wa kahawa Kagera, mama muuza vitenge Kariakoo, fundi seremala wa Ng'ambo: hawa kustaafu kwao ni siku mwili unapokataa. Zanzibar kuna pensheni jamii kwa kila aliyefikisha miaka 70, iliyoanza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya ina mpango wa Inua Jamii unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Zinasaidia, ila hazimtoshi mtu kuishi. Kwa hiyo huyu hana ruhusa ya kumimina mtungi kama mwenye pensheni. Anachoweza kula ni kinachozalishwa: kodi ya vyumba baada ya kutoa ya ukarabati, mauzo ya kahawa baada ya kutoa ya mbolea na vibarua. Akila mtaji amekula miguu yake. Hata hivyo katika hicho kinachozalishwa, naye atenge cha kujifurahisha, hata kama ni kilo ya nyama Jumapili na vocha ya kupiga soga na dada yake aliye Mombasa. Anayesema ataanza kufurahi akishajiunga na matajiri hatafurahi.

Pande zote mbili zina ugonjwa mmoja: viwanja. Mzee ana vitano, Chanika, Kibaha, Kigamboni na viwili kijijini, hakuna hata kimoja kinachomuingizia shilingi, vyote vinamtaka fedha za mpaka, kodi ya ardhi na nauli ya kwenda kutazama kama mtu hajavamia. Ni tajiri kwenye hati na maskini jikoni. Kuuza kiwanja kimoja kati ya vitano watu hukuona ni kuuza ukoo. Mimi nimeona viwanja vya namna hiyo vikigombewa mahakamani na watoto mara nyingi zaidi kuliko vikijengwa. Kimoja kikiuzwa, pesa yake ikawekwa kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaolipa gawio, kwa mfano ule wa hatifungani wa UTT AMIS, kampuni ya umma inayosimamia mifuko ya aina hiyo, au kwenye hatifungani za Serikali, yaani hati za kuikopesha Serikali, zinazouzwa na Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja na kulipa riba kila baada ya miezi sita, huyo mzee atakuwa na kitu cha kutumia akiwa hai. Tahadhari ndogo: hatifungani ya miaka 25 ukiinunua na miaka 60, mtaji wako unakurudia una 85. Inaweza kuuzwa sokoni kabla ya hapo, kwa bei ya siku hiyo, ila chagua muda unaofanana na umri wako. Na yeyote anayekuahidi faida ya maradufu kwa miezi michache, kumbuka waliopanda mbegu DECI, ule mchezo wa upatu, hadi mwaka 2009 wakaambulia kumbukumbu za risiti.

Watoto ndio kisingizio kikubwa. "Najinyima kwa ajili yao." Mtoto mwenye miaka 35 anayehitaji milioni 2 kuongeza mtaji wa duka anazihitaji sasa, akizirithi ana miaka 55, zitakwenda kwenye harusi ya mjukuu. Kutoa ukiwa hai ni starehe pia, maana unaona duka likifunguliwa na unakunywa soda yake. Kwa Waislamu, wasia hauvuki theluthi ya mali na wala hauwi kwa mrithi, lakini hiba, yaani zawadi unayoitoa ukiwa hai, ina nafasi yake, na kadhi au sheikh wako atakueleza namna ya kuwatendea watoto kwa usawa. Kinachodhuru ni kutoa kwa kushtukizwa: kila anayepiga simu akilia anapewa, hadi akiba ya ugonjwa inaondoka. Weka kiasi cha mwaka cha kusaidia ndugu, pamoja na michango ya harusi na rambirambi. Kikiisha Agosti, sema kimeisha. Watanuna, watazoea.

Kama umebana kwa miaka arobaini, usitarajie kuamka Jumatatu umekuwa mtu wa kula bata. Anza na jambo moja kwa mwezi ambalo ungelikataa kwa bei tu: kupanda bajaji badala ya kutembea na mzigo juani, kununua godoro jipya, kumlipa kijana wa kufyeka uwanja. Angalia salio mwisho wa mwezi. Wengi hushangaa kwamba pengo ni dogo kuliko walivyoliogopa.

Kisha wewe na mwenza wako kaeni kila mtu na karatasi yake, bila kuchunguliana, muandike mambo matatu mnayotaka kuyafanya kabla ya miaka mitano kupita, na bei yake kwa kukadiria. Nimeona mume akiandika "gari" na mke akiandika "kulala hotelini Bagamoyo siku mbili, nisipike". Hilo la pili lilikuwa la pesa ya mwezi mmoja, na kwa miaka yote ya ndoa hakuna aliyewahi kuliuliza. Mkishalinganisha, pitieni ofisi ya mfuko wenu na kitambulisho cha pensheni, mkaulize nini kitamfikia atakayebaki siku mwingine akitangulia, kwa sababu masharti hayafanani kati ya mfuko na mfuko. Jibu hilo ndilo litakalowaambia zile milioni 25 ziguswe au zisiguswe.