Tuta halilindi lami, tuache kudanganyana

Yaani kila nikikaa na wenyeviti wa mitaa hapa Kigoma, iwe Mwanga iwe Gungu, lazima atokee mtu aseme "injinia tuwekee tuta pale, barabara isiharibike mapema", na wenzake wanaitikia kabisa. Jamani! Tuta linamlinda mtoto anayevuka kwenda shule. Lami hailindwi, inaliwa.

Lori lenye mzigo likikaribia tuta dereva anakanyaga breki, uzito wote ule unasukuma lami mbele, akishavuka ekseli, yaani vyuma vinavyobeba matairi, zinadunda upande wa pili kwa kishindo kuzidi hata uzito uliosomwa kwenye mizani, halafu anakanyaga mafuta na matairi ya nyuma yanaivuta lami kurudi nyuma. Kutwa nzima, palepale. Tembea kwa mguu uone, hatua chache kabla ya tuta lami imejikunja kama mkeka uliosukumwa na mguu, na ukivuka tu unakutana na kiraka au shimo. Na msiniambie eti gari likienda polepole haliumizi barabara, lami kwenye jua la mchana inalainika, tairi zito likikawia juu yake ndo linazama vizuri. Bajaji zenu wala sio kesi: ekseli ikibeba uzito mara 2, uharibifu unapanda karibu mara 16, kwa hiyo tatizo ni malori.

Bado maji. Mji wetu umelalia mteremko wa kwenda ziwani, mvua zikianza maji yanashuka na barabara, yakikuta tuta limezibwa mpaka ukingoni yanatuama, yanaingia kwenye nyufa na kifusi cha chini kinalegea. Mimi tuta lisiloachiwa njia ya maji bora lisijengwe, na hapo sibishani na mtu.

Eti likiinuka sana ndo zuri? Hapana. Tuta la mviringo lililofanyiwa majaribio Uingereza miaka ya 1970 lina kimo cha sentimita 10 tu ila upana wake ni mita 3.7. Haya yenu membamba yaliyochongoka yanavunja springi na kuzidisha kishindo.

Kujipigia tuta la zege usiku wenyewe, acheni. Nendeni kwanza kwa wakala wa serikali wa barabara, TARURA au TANROADS, maana bila alama dereva anafunga breki ghafla.

Na bodaboda wanaokwepa pembeni "hawaharibu kitu"? Wanachimba bega la barabara, maji yanapita humohumo, ukingo wa lami unamegeka, na kiraka cha ukingoni hakidumu kikikosa cha kuegemea.