Piloti ya sauti ni kitu gani, na juu ya nini inapotea ukishapandisha Windows

Tangu Microsoft iache kuhudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi hapa Goma walipandisha laptopu zao ku Windows 11, kesho yake masini inawaka vizuri, picha iko, intaneti iko, ila sauti hakuna hata kidogo, na mtu anabeba laptopu mbio mpaka kwa mafundi wa Birere kusema bafle zimekufa. Mara nyingi hazijakufa, ni piloti.

Jina lenyewe linadanganya. Kwa Kifaransa ni rubani, kwa Kingereza ni dereva, lakini hakuna kitu anaendesha, kazi yake ni ya mkalimani. Windows inasema luga yake, chipu ya sauti (mara nyingi ya Realtek) inasema yake, na hako kaprogramu kanakaa katikati kanatafsiri. Ukibadilisha Windows ni sawa chefu mupya anafika na luga ingine, mkalimani wa zamani anabaki kukodoa macho, ao anafukuzwa na wanaleta wa jumla, mwenye anajua maneno kidogo ya kila chipu lakini ya kwako anaijua nusu nusu. Njo maana wengine wanapata sauti lakini mikro inakataa.

Kwanza angalia kama sauti haikutumwa tu ku HDMI (ile njia ya kamba ya televizyo), usicheke, inatokea sana. Kisha chomeka ekutere za USB, hizo ziko na chipu yazo, zikilia na bafle zikinyamaza, shuku piloti. Zenye tundu la duara hazionyeshi kitu, zinapitia chipu ile ile.

Bonyeza Windows na X, ingia mu jestionere ya vifaa (Device Manager), fasi ya sauti, na urudishe piloti ya zamani. Kibonye ya kurudisha ikiwa ya kijivu, Windows haikuichunga ile piloti, basi ondoa kifaa cha sauti hapo hapo mu jestionere, zima laptopu, washa tena. Bado? Chukua piloti ku site ya wenye walitengeneza laptopu, kwa modeli yako kabisa. Zile programu zinaahidi kukutafutia mapiloti yote bure mi siziamini, zinakula mamega na zinaleta takataka.

Siku 10 za kwanza unaweza bado kurudi ku Windows ya zamani, ila kama ulishafuta Windows.old (folda yenye inachunga Windows ya zamani) juu ya kutafuta nafasi, hapo njia imefungwa.